Wazee Wetu na Masomo ya Kuonana kwa Simu

Hotuba iliyotolewa mbele ya Wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imeniagiza niseme maneno machache juu ya masomo ya watu wazima yanayofundishwa kwa njia ya intaneti, ambayo mwalimu huwa yuko mjini na mwanafunzi yuko kwake nyumbani, nao wakaonana na kusikizana katika kioo cha simu. Mnajua ya kuwa Mfuko wetu wa Elimu una fedha zilizotengwa kwa kazi hiyo, na ya kuwa limeletwa shauri kwamba fedha hizo zote zinunue simu janja, kila mzee aliyejiandikisha apewe yake mkononi. Shauri hilo limetoka katika moyo mwema, nao walioleta ni vijana wetu wenyewe, tena wenye kutupenda. Hata hivyo mimi nimesimama kulipinga, na nawaomba mnivumilie mpaka nimalize ndipo mnihukumu.

Kwanza niseme ya kuwa kumfundisha mtu mzima aliye mbali si jambo geni katika nchi hii. Katika miaka ya 1960, kule Kikuyu, chuo cha masomo ya watu wazima kilichokuwa chini ya chuo kikuu cha Nairobi cha siku hizo kilikuwa kikiwasomesha kwa barua na kwa redio walimu wa shule za msingi ambao hawakuwa wamehitimu. Mwanafunzi aliketi na taa yake usiku, akaandika majibu yake, akayatia posta, kisha akangoja mpaka karatasi irudi imesahihishwa. Ilikuwa kazi ya polepole, lakini ilikuwa na sitara. Aliyekosea alikosea mbele ya mwalimu mmoja asiyemwona, na karatasi yake aliweza kuikunja akaitia mfukoni. Katika darasa la kioo hakuna mfuko wa kuficha kosa. Anayekosea hukosea mbele ya nyuso ishirini, na sauti yake ikikwama wote hujua. Nalitaja jambo hili mapema kwa kuwa katika kukaa kwangu kando ya wazee wanaosoma namna hii, sikuona uzito wa akili ukimtoa mtu darasani. Niliona haya ikimtoa.

Wanaotaka kusoma wapo tele. Sheria ya Bodi ya Elimu ya Watu Wazima ilitungwa mwaka 1966, na mwaka 1979 Serikali ikaanzisha vita vya nchi nzima vya kupigana na ujinga wa kutojua kusoma. Wengi wenu mnayakumbuka madarasa ya ngumbaru yaliyokutana alasiri kanisani au chini ya mti. Hata baada ya hayo, uchunguzi uliofanywa mwaka 2006 ulionyesha ya kuwa zaidi ya watu wazima 38 katika kila 100 walikuwa bado hawajui kusoma na kuandika. Marehemu Mzee Kimani Maruge alipoingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84, dunia ilistaajabu. Sisi tuliofundisha watu wazima hatukustaajabu sana, kwa kuwa tuliwajua wengi wenye hamu ileile, ila walikosa ujasiri wa kuvaa kaptura ya shule.

Lakini leo hamu hiyo imepata sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Tangu mwaka 2014 Serikali imekuwa ikihamisha kazi zake, moja baada ya nyingine, kuzipeleka katika mtandao wa eCitizen. Tarehe 1 Oktoba 2024 ile bima ya matibabu tuliyoizoea ya NHIF iliondoka na SHA ikachukua mahali pake, na watu wakatakiwa kujiandikisha upya, wengi wao kwa simu. Mzee asiyeweza kuyafanya haya kwa mkono wake mwenyewe hana budi kumpa mtu mwingine kitambulisho chake na nambari yake ya siri. Wengine wamepata watu waaminifu. Wengine, nanyi mnazo habari zao, wamefika kwa wakala na kuambiwa ya kuwa fedha zao za mwezi zimekwisha kutolewa. Kwa hiyo tunapozungumza habari ya mzee kujifunza kioo, tunazungumza pia kama atabaki na amri juu ya mali yake, au atakuwa kama mtoto aliye chini ya walezi.

Wapo wasemao ya kuwa wazee hawaziwezi mashine hizi. Maneno hayo wazee wenyewe wamekwisha kuyakanusha. M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi mwaka 2007, wako akina mama ambao hawakupata kwenda shule hata siku moja, na baada ya muda si mrefu walikuwa wakipokea fedha kutoka Nairobi na kuzituma kwingine bila kubabaika. Basi jiulizeni ni nini kilichowafundisha. Hakikuwa kijitabu wala tangazo la redio. Alikuwa ni yule wakala katika kibanda chake sokoni, aliyeweza kuulizwa swali lilelile mara tano, naye akajibu mara ya tano kama alivyojibu mara ya kwanza, kwa kuwa ndiyo riziki yake. Simu peke yake isingaliweza kazi hiyo. Ndiyo sababu nasema ya kuwa kugawa simu bila ya mtu wa kukaa kando ni kuwagawia wazee wetu kitu cha kuwaaibisha.

Sasa yafaa niwaeleze yanayompata mzee katika darasa hili, kwa maana watu wengi huyasema kwa kukisia. Tuanze na kidole. Kioo cha simu janja hakisikii nguvu ya kidole. Hukitambua kwa sababu ngozi yenye unyevunyevu hupitisha umeme kidogo. Kidole cha mama aliyepalilia miaka hamsini ni kikavu, tena kina sugu, na mara nyingi kioo hakikitambui. Naye akiona hakuna kilichotokea, hukaza na kushikilia, na simu hukufahamu kule kushikilia kuwa ni amri nyingine kabisa, ikafungua jambo lisilotakiwa. Hapo mama husema, "Nimeiharibu," akairudisha mezani, na wiki ifuatayo haji. Hakuiharibu. Ajifute kidole kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha aguse na kuachia upesi, kama agusavyo sufuria kujua kama imepata moto. Iko pia kalamu yenye ncha ya mpira laini ifanyayo kazi ya kidole, nayo si ya bei kubwa. Nimewaona watu waliofundisha mwezi mzima bila kulijua jambo hili dogo, wakidhani wanafunzi wao ni wazito.

Kuhusu masikio, uzee hauondoi sauti zote kwa pamoja. Huanza kuondoa zile nyembamba, kama za s na f na t, ukaziacha zile nene. Kwa hiyo mzee husikia ya kuwa mwalimu anasema, ila hayapati maneno yenyewe. Katika somo la hesabu "sita" na "tisa" humchanganya kila mara, na mwalimu huandika kwamba mwanafunzi hajui kuhesabu. Kuongeza sauti ya simu hakutoshi, maana spika yake yenyewe ni ndogo kama kifungo cha shati. Kinachofaa ni spika ya nje iwekwayo mezani, au kile kifaa cha kuvaa masikioni, pamoja na mwalimu asemaye taratibu, uso wake umeelekea dirisha ili midomo yake ionekane. Mwalimu anayelipa dirisha kisogo huonekana kivuli cheusi tu. Naye mwenye shilingi za kurekebisha jambo moja na airekebishe sauti. Picha mbaya mzee ataivumilia, lakini sauti mbaya itamrudisha nyumbani. Tena mjihadhari na simu mbili kufunguliwa sauti katika chumba kimoja, kwani husikizana zenyewe kwa zenyewe zikatoa mlio wa kupasua kichwa. Moja na inyamazishwe.

Na sasa nifike kwa mjukuu. Mjukuu ni baraka, lakini katika kazi hii aghalabu ni mwalimu mbaya. Nyanya anatafuta mahali pa kugusa, kijana anakosa subira, "Lete hapa, Nyanya," na kabla hujapepesa macho amekwisha kugusa mahali patatu na darasa limefunguka. Nyanya ameingia darasani, ni kweli, lakini alilojifunza ni moja tu, kwamba yeye hawezi. Kanuni ambayo ningependa tuifuate ni kwamba mikono ya msaidizi ikae mapajani. Aonyeshe kwa maneno, aulize, "Wakiona kile kipaza sauti chenye mstari mwekundu? Maana yake hawakusikii," kisha angoje. Anayegusa ni mzee mwenyewe, hata ikichukua dakika tano. Alama kama hizo tatu au nne zichorwe kubwa katika daftari lake, moja kila ukurasa, pamoja na nambari ya simu ya msaidizi, ili hata asiyejua bado kusoma aweze kufuata.

Liko jambo jingine la kijana ambalo huchekesha, lakini halimchekeshi mwenyewe. Simu nyingi za wazee zilinunuliwa na watoto wao, nazo huonyesha katika kioo jina la yule mtoto, au jina la kiwanda. Nimeona mzee wa kanisa ameitwa darasani kwa jina la utani la mwanawe, mbele ya watu wanaomwamkia kwa heshima. Msaidizi aandike jina kamili, pamoja na Mzee au Mama, kabla ya siku ya kwanza.

Walimu wetu vijana wana maarifa mengi, lakini wengi wao huendesha darasa kwa haraka isiyowafaa watu hawa. Huingia, wakasema, "Haya, tuanze," na mzee asiyesalimiwa kwa jina hujiona kama kiti kilichosahauliwa chumbani. Salamu ni sehemu ya somo. Mlango wa darasa ufunguliwe robo saa kabla ya wakati, ili watu waamkiane, waulizane habari za mvua na za wagonjwa, na katika kuulizana huko kila mmoja ajue kama anasikika, bila ya mtu kumjaribu kama mtahiniwa. Tena sauti katika intaneti huchelewa kidogo njiani, ndiyo maana watu wawili huanza kusema pamoja, kisha wote wawili wakanyamaza, kisha wakaanza tena pamoja. Baraza la wazee lina dawa ya jambo hili tangu zamani. Mwenyekiti hutaja jina, aliyetajwa husema, naye akimaliza husema amemaliza. Kwa kweli katika adabu ya darasa la kioo wazee wetu wangeweza kuwafundisha vijana, na mwalimu mwenye busara atamwomba mmoja wao awe mwenyekiti wa darasa, yeye abaki na kazi ya kufundisha. Zoom hukata mkutano wa watu wasiolipa kila zifikapo dakika 40, na wengi hulalamika. Mimi sioni neno. Dakika 40 za kutazama kioo zawatosha kabisa watu wa umri wetu, kisha chai.

Lipo pia jambo ambalo walimu wa mjini hawalifikirii. Katika desturi za baadhi yetu mkwe na mama mkwe hawatazamani uso kwa uso. Darasani wanaweza kuketishwa mbalimbali, lakini kioo humpanga kila mtu kando ya mwenzake, nyuso zote zikiwa sawasawa. Nimemwona mama aliyeacha masomo, akasema ni maumivu ya mgongo, na sababu yake ilikuwa mume wa bintiye aliyekuwa katika darasa lilelile. Yafaa msaidizi aulize kwa siri majina ya jamaa kabla ya kupanga madarasa, na kila mtu aambiwe tangu mwanzo ya kuwa anaweza kufunga kamera yake akabaki kwa sauti, wala mwalimu asimlazimishe kuifungua. Yeye anayemwona mama amekaa kimya na kamera imefungwa asidhani ya kuwa amelala.

Nije kwenye gharama, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nilipinge shauri la simu. Saa moja ya darasa lenye picha za watu wengi yaweza kula bando la gigabaiti moja au zaidi. Mzee akipewa simu leo, nani atamnunulia bando mwezi wa tatu? Simu itakuwa ya mjukuu kabla ya mavuno. Lakini watu kumi wakiketi chumba kimoja, mbele ya televisheni moja iliyounganishwa na kompyuta, hutumia bando moja tu, na kipaza sauti kimoja, na hakuna mlio. Nao wale wenye simu ndogo tuziitazo mulika mwizi wasiachwe nje, kwani sauti tupu hula kidogo sana. Msaidizi aweza kumpigia mgonjwa aliyelala nyumbani kwake, akaiweka simu karibu na spika, naye akalifuata somo lote akiwa kitandani. Hilo si darasa la picha, lakini ni bora kuliko kukosa.

Juu ya wezi sitasema mengi. Tukishawafundisha wazee kugusa maneno ya buluu yanayoletwa kwa ujumbe ili darasa lifunguke, tumewafundisha vilevile kugusa maneno ya buluu yanayoletwa na matapeli. Kwa hiyo kiungo cha darasa na kitoke kwa mtu mmoja tu, tena kwa nambari moja inayojulikana, na kila somo lianze kwa kukumbushana ya kuwa hakuna mwalimu, wala benki, wala ofisi ya Serikali, itakayomwomba mtu nambari yake ya siri.

Najua mtaniuliza juu ya walio mbali, ambao wakati wa masika hawawezi kuvuka mto kuja chumbani. Sikusema wasipewe simu kamwe. Nasema simu iwe ya mwisho, isiwe ya kwanza. Mzee na aje chumbani wakati wa kiangazi, ajizoeze miezi miwili mitatu na msaidizi kando yake, mpaka aweze kufungua darasa, kunyamazisha sauti na kuirudisha bila kuambiwa; ndipo mvua ikianza apewe simu aende nayo, naye msaidizi ampigie siku moja kabla ya somo kumkumbusha na kumwuliza kama ana chaji. Watu wetu wengi huja darasani kwa sababu walipigiwa simu jana. Wanaoachiwa wakumbuke wenyewe hukaa wiki mbili bila kuja, kisha huona haya kurudi.

Na msaidizi huyo alipwe. Tumezoea kusema ya kuwa kijana fulani atajitolea, na kijana hujitolea mpaka apate kibarua. Mwanafunzi mzee akimzoea mtu, kisha wiki ifuatayo akamkuta mwingine, huanza upya kuona haya. Napenda wawe wawili, mmoja wao mwanamke kwa ajili ya akina mama, walewale kila wiki, na ujira wao uandikwe katika hesabu za Chama waziwazi kama tuandikavyo kodi ya ukumbi.

Basi, Bwana Mwenyekiti, shauri langu ni kwamba fedha za Mfuko wa Elimu zitumike kwanza kwa ujira wa wasaidizi wawili, kwa spika na kipaza sauti kilicho kizuri, kwa bando la chumba kimoja, na kwa televisheni iliyo kubwa ya kutosha kuonekana kutoka kiti cha nyuma. Na fedha zitakazobaki zinunue simu chache za kuazimisha walio mbali wakati wa mvua. Mweka Hazina amekwisha kuniambia ya kuwa zinatosha kwa mwaka mmoja, hazitoshi kwa miwili, kwa hiyo mkutano wa mwaka ujao utakuwa na neno la kuuliza. Mkikubali, watakaotaka kuanza waandikwe majina na Katibu leo hii kabla ya chai. Asiyejua kuandika amtajie, naye amwandikie. Tena Katibu amwulize kila mmoja ni saa ngapi inayomfaa, kwa maana darasa la saa nne asubuhi katika wiki ya palizi halitapata mtu.